Vilimi Asivyovipuliza Fundi

Kiponda, Mji Mkongwe
2 Septemba 2024

Mzee Simai, shikamoo.

Vilimi vitano ulivyompa Abdulwahid aniletee mjini vimefika, ndani ya kikopo chako cha kahawa na pamba yake. Alikuwa amekiweka kikopo juu ya lundo la muhogo, nikamgombeza mbele ya wateja wake pale Darajani mpaka akaniomba radhi, na wala hakuwa na kosa. Siku hizi nachoka upesi na nagombana upesi.

Mzee wangu, vilimi hivi havikai. Nikishuka sauti za chini vinakoroma, nikipanda vinateleza, na upepo unavuja kabla sijafika nusu ya wimbo. Miaka sita unanichongea vilimi vya obo yangu, zumari hii ya Kizungu, na sijapata kukuandikia barua ya namna hii. Nadhani ni mrija. Pale matete mawili yanapofungwa kwenye ule mrija wa shaba, huenda yamekaa juu mno au chini mno. Wewe ndiye fundi. Viwili nakurudishia uvitazame.

Nisingekuharakisha, ila tarehe 14 Disemba kikundi chetu cha taarab kina onyesho kubwa, na ndani yake mna dakika nne za obo peke yake. Darwesh, anayetuongoza, ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Jumatano alimwambia mpiga kinanda aijaribu sehemu yangu, "kwa dharura tu, Bi Rawiya." Nina miaka hamsini na mbili, Mzee Simai. Tangu yule mwalimu Mjerumani aniachie obo hii, hakuna mwingine mjini anayeipiga, na kiti kile ndicho kitu pekee ninachoweza kusema ni changu. Sitaki kikaliwe na kinanda.

Nisalimie Mize.

Wako,
Rawiya Muhannad


Makunduchi
11 Septemba 2024

Bi Rawiya, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na vilimi viwili nimevifungua uzi mbele ya dirisha. Nakuandikia nilichokiona, na kama nimekosea nirekebishe.

Mirija yote ina milimita arubaini na saba, sawa na ule wa Mjerumani wako. Lakini mmoja mdomo wake wa juu umebonyea zaidi kuliko unavyotakiwa. Mashavu ya matete yanatakiwa yafumbane pale pale uzi unapofika mwisho wa mrija. Yakichelewa kufumbana, upepo unatoka pembeni. Yakiwahi, kilimi kinabanwa koo. Hapa naona yamechelewa, kama unene wa kucha. Basi ninaikunja mirija mipya, shaba yote, kwenye chuma alichoniachia baba.

Kiuno cha matete nacho nimekipunguza. Kikiwa kipana, sauti inashuka na kulegea, unaweza kuipinda mnavyopenda nyinyi watu wa taarab. Kikiwa chembamba inapanda na kukaza, haipotei njia. Nimekukatia vya katikati.

Jambo moja nalirudia, usije ukalisahau. Kilimi cha zumari nakitia kinywani, nakiliza, nakikwangua tena mpaka kinyooke. Chako sijawahi wala sitafanya. Kitu kinachokwenda kinywani mwa mwanamke asiyekuwa maharimu wangu si adabu kipitie kwangu kwanza. Kwa hiyo vyako navipima kwa mwanga na kwa kidole, kisha nangoja neno lako. Usinionee haya. Ukiniambia kibovu, kwangu ni kibovu.

Vitatu hivi vipya uviloweke kidogo tu, matete haya yanakunywa maji kama mbuzi.

Simai Ubwa


Kiponda
20 Septemba 2024

Dada Khawla, shikamoo.

Barua hii inakuja Maskati na mume wa jirani yangu Maisara, kwa hiyo imefungwa gundi pande zote. Simu nimekukatia mara mbili kwa sababu watoto wako wanaiweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikia. Haya nataka uyajue wewe tu.

Mwezi wa Juni niliamka uso umevutwa upande. Jicho la kushoto halifumbi, chai inanimwagikia kidevuni. Daktari alisema ni neva ya uso, itarudi. Nilijifungia wiki tatu na watu wote nikawaambia nina matubwitubwi. Wewe pia nilikwambia matubwitubwi, nisamehe. Sasa uso umerudi, ukinitazama huoni kitu, mashallah. Lakini pembe ya kushoto ya mdomo haijarudi, Dada. Nikikaza midomo kwenye obo upepo unanitoka, na baada ya dakika moja ninatetemeka kama bibi kizee anayepuliza jiko.

Darwesh aliponiuliza mbele ya watu, "Kulikoni, Bi Rawiya?" nilisema, vilimi vibovu. Lilinitoka lenyewe. Wote wakatikisa vichwa, wakanionea huruma. Na kwa kuwa nimeshasema, ikabidi nimwandikie fundi wangu Makunduchi nilalamike, maana Abdulwahid anayetubebea barua ana mdomo mpana na wangejua sikulalamika.

Na vilimi ni vizuri! Kuna namna ya kukijaribu kilimi bila obo. Unakiingiza chote kinywani hadi kwenye uzi na kukipuliza, midomo haifanyi kazi yoyote. Kikiwa kizuri kinalia sauti mbili pamoja, ya juu na ya chini, kama kuku wawili wanaogombana. Vyote vitano vimelia hivyo. Na hivi vitatu vya sasa vimelia vizuri zaidi.

Yule mzee hawezi kulijua hilo. Kwa heshima yake kwangu havitii kinywani mwake. Ana neno langu tu, na mimi najua ana neno langu tu. Naona haya hata kuandika. Lakini mdomo unaweza kupona kabla ya Disemba, na ukipona nitamwambia hivi vipya ni vizuri, na hakuna atakayeumia.

Mdogo wako,
Rawiya


Makunduchi
8 Oktoba 2024

Bi Rawiya,

Salamu nyingi. Umesema vile vitatu pia vinavuja. Vile vinne vya baadaye, vya kiuno kipana, umesema vinakoroma. Vya kiuno chembamba umesema vinakaba. Nimekaa na barua zako zote mezani na sielewi. Kosa la mrija lina sauti yake na kosa la umbo lina sauti yake. Wewe unaniambia makosa yote kwa kilimi kimoja, na katika miaka hamsini ya kazi hii sijakutana nalo.

Nimekuwa nakwangua tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikisimama mgongo unakataa. Mize ananikasirikia. Anasema, "Baba, huyo mama wa mjini atakuua kwa vijiti." Nimemwambia afadhali mteja anayesema kuliko anayenyamaza kisha akahama.

Sasa nimelifungua lile fungu la mwisho la matete, yale niliyoyakata kule bondeni mwaka juzi. Nilikuwa nayaweka. Tete likikatwa leo haliwi kilimi mpaka likae miaka miwili darini, na mwaka jana sikukata kwa sababu ya goti. Nakuchongea kutoka humo kwa sababu nina hakika nayo kuliko kitu chochote nilichonacho.

Nikuulize kama ninavyomuuliza binti yangu: ni nini hasa? Niambie kwa maneno yoyote. Au njoo siku moja nikusikie unavyopiga, Mize atapika.

Simai


Kiponda
12 Oktoba 2024

Mzee Simai, shikamoo.

Kuja siwezi kwa sasa, mazoezi yamekuwa kila siku. Darwesh amenipa hadi mwisho wa mwezi. Jana alisema mbele ya wote kwamba kama vilimi havijapatikana basi, kinanda kitapiga.

Hivi vya fungu la mwisho vimekaribia kidogo, lakini bado. Naona mkwanguo wa upande mmoja haulingani na wa pili. Mzee wangu, usinichukulie vibaya, labda ni macho. Si aibu, umri ni umri. Kuna miwani nzuri siku hizi.

Niwie radhi kwa ufupi wa barua.

Rawiya


Makunduchi
30 Oktoba 2024

Bi Rawiya,

Sijachukulia vibaya. Nimekaa na barua yako siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa.

Madaktari wa macho walikuja hapa skuli wiki iliyopita. Nikaenda, nikapanga foleni na wazee wenzangu. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Kijana aliyenipima alisema bado ni mdogo, hanizuii kazi. Lakini yeye anajua macho, hajui vilimi. Wewe unajua vilimi, na uliliona hilo kabla yake, ukiwa mjini, kwa kugusa tu kazi yangu. Nilipotoka pale nilikaa kwenye kibaraza cha skuli kwa muda nikijiuliza ni wangapi wamenificha. Wapiga zumari huwa wananisifu, lakini wale ni watu wangu, na mtu wako hakwambii.

Jumamosi walikuja watu wa Bwejuu, wana harusi, wanataka vilimi vya zumari kumi. Nimewaambia nimeacha. Hivyo navipuliza mwenyewe na masikioni mwangu vilikuwa sawa, ila sasa siyaamini na masikio. Walidhani nafanya mzaha. Kisha nikamwambia Mize ayatoe matete yote darini, na lile fungu la mwisho, awashie moto wa mikate. Alikataa, nikayatoa mwenyewe. Yameungua vizuri, makavu yale. Sikutaka yabaki nikajaribiwa kurudi kuharibu kazi za watu.

Nakushukuru, wala sikwambii kwa uchungu. Wengine wote walinionea haya, wewe umeniambia. Sina kilimi cha kukuletea kwa Disemba na hilo ndilo linaloniumiza. Tafuta kwa wageni wanaokuja na ndege, labda watakuletea vya Ulaya.

Mize anakusalimu. Si kweli, hakusalimu, lakini atapoa.

Simai Ubwa


Maskati
7 Novemba 2024

Rawiya,

Nimeipata nakala ya barua ya huyo mzee uliyoipiga picha ukaniletea bila neno hata moja chini yake. Unataka nikwambie nini? Kwamba masikini, ulikuwa unaumwa? Ulikuwa unaumwa, kweli, na nimelia kwa ajili yako. Sasa chukua kalamu umwandikie. Leo, si kesho. Marehemu mama alikuwa akikupa kibao kwa uongo mdogo kuliko huu, na mimi niko mbali.

Dada yako,
Khawla


Kiponda
10 Novemba 2024

Mzee Simai, shikamoo, na sistahili uniitikie.

Nimeanza barua hii mara nne. Vilimi vyako havikuwa na kosa. Si vya mwanzo, si vya kiuno kipana, si vyembamba, si vya lile fungu la mwisho. Vyote nilivijaribu kwa kuviliza kinywani na vyote vililia inavyotakiwa. Kosa liko kwenye mdomo wangu. Mwezi wa Juni nilipooza upande wa kushoto wa uso. Umerudi kwa kuonekana tu. Midomo haikazi, upepo unavuja hapo, na hakuna mrija wala umbo litakaloziba.

Nilikusingizia kwa sababu niliogopa kupoteza kiti changu, na kwa sababu ulikuwa mbali na usingeweza kunibishia. Yale ya macho niliyatunga. Mkwanguo ulikuwa sawa pande zote mbili. Sijui nilipataje ujasiri wa kumwandikia mzee wangu jambo lile, nikaenda nikala na nikalala.

Jana nimemwambia Darwesh kila kitu, mbele ya kikundi kizima. Kinanda kitapiga. Nilidhani nitalia lakini nilisikia usingizi tu, nimerudi nyumbani nimelala hadi alasiri.

Sikuombi vilimi. Nakuomba uwaite watu wa Bwejuu, uwaambie hujaacha. Na unisamehe ukiweza, ukishindwa pia nitaelewa.

Rawiya


Makunduchi
19 Novemba 2024

Bi Rawiya, mwanangu,

Barua yako imenitoa machozi, nisikufiche. Mize aliisoma kwa sauti, kisha mimi nikaisoma tena. Una roho nzuri sana.

Lakini mimi ni mtu mzima. Najua mtu anavyofariji wazee. Mke wangu alipokuwa anaumwa, nilimwambia kila siku kwamba uso wake unang'ara. Wewe umesikia nimeacha kazi na nimechoma matete, ukaona vibaya, ukajitwika maradhi ili mimi ninyanyuke. Juni uliumwa matubwitubwi. Abdulwahid ndiye aliyeniletea habari, na nilikuletea asali kwa mkono wake, ukaniandikia ahsante kwamba shingo imepungua uvimbe. Ile barua ninayo hapa.

Na mpigaji haumwi mdomo miezi mitano bila kumwambia fundi wake. Hilo haliwezekani, hata kama ungetaka kunificha. Mdomo wako ndiyo nusu ya kazi yangu.

Kwa hiyo usihangaike. Umesema kweli mara ya kwanza, na kweli ile imenisaidia, sitampa mtu kazi mbovu tena. Sasa hivi namsaidia Mize na mwani, unanuka miguuni lakini haudai macho makali. Nimechoka, Bi Rawiya, na si kwa ubaya. Nataka kupumzika.

Kiti chako usikiachie.

Simai


Kiponda
15 Disemba 2024

Dada Khawla, shikamoo.

Onyesho limepita jana. Nilikaa safu ya tatu na wake za watu. Kinanda kilipiga sehemu yangu na watu wakatunza, wakapiga vigelegele, hakuna aliyeniulizia ila Darwesh, aliyeniletea juisi ya ukwaju. Nilidhani hilo ndilo litakaloniuma mwaka huu. Halikuniuma sana.

Nilikuahidi kukuandikia habari ya Makunduchi. Barua ya kusema uongo aliiamini, na ya kusema kweli hakuiamini. Nikaona hapana budi niende. Nilikwenda Ijumaa ya tarehe 29, na obo, na vilimi vyake vyote kumi na saba nilivyokuwa navyo, pamoja na vile vya Septemba.

Mize hakunikaribisha ndani. Mzee alinikaribisha, akaniwekea mkeka kibarazani, akaniuliza habari za mjini kama kwamba nimekuja kutembea tu. Amekonda. Nikamwambia, "Mzee Simai, leo sikuja kusema. Nisikilize tu." Nikapiga. Dada, nilipiga vibaya kuliko siku zote, maana sikujificha. Upepo ukatoka pembeni ya mdomo, mate yakatoka, sauti ikakatika. Yeye akatazama chini. Nilijua anafikiri: ndiyo, kilimi kibovu.

Nikamwomba Mize aje. Alikuja kwa hasira zake, akanawa mikono, nikamwekea kidole chake hapa, kwenye pembe ya kushoto, nikamwambia abane. Nikapiga tena kilimi kile kile.

Ikatoka sauti kamili. Mize mwenyewe alishtuka, mkono ukamtoka, na sauti ikavunjika palepale. Mzee akanyanyua kichwa. "Bana tena," alimwambia. Akabana. "Achia." Akaachia. "Bana." Tulifanya hivyo kwa vilimi kumi na saba, kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja alikuwa anakitaja kabla sijamaliza: hiki cha mrija mpya, hiki cha kiuno kipana, hiki cha fungu la mwisho. Hakukosea hata kimoja. Kwa masikio tu, akiwa amefumba macho. Mize alikuwa analia na bado kidole chake kiko mdomoni kwangu.

Tulipomaliza alifumbua macho. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana. Badala yake aliomba mwanga, akaja karibu kuliko alivyowahi kunikaribia, akautazama mdomo wangu bila kugusa, kama fundi anavyotazama ubao. Kisha akarudi kukaa.

"Ungenambia mwezi wa Juni," alisema, "n'ngekuchongea cha mdomo huo. Mrija ungebonyezwa zaidi, kiuno kiwe chembamba, ncha laini mno, hata mtoto angekipuliza. Ungepiga na kupooza kwako. N'shamchongea mzee mmoja wa zumari asiye na meno, akapiga harusi miaka minne."

Nikasema, "Nichongee sasa, Mzee wangu."

"Kwa tete gani?" akauliza.

Hakusema kwa kunisuta, aliuliza kweli, kama kwamba anatafuta. Mize akatazama dari, na mimi nikatazama dari. Pale juu hapakuwa na kitu ila kamba alizokuwa akifungia.

Mpaka jua linageuka tulikuwa bado tumekaa. Nikaomba radhi, akasema amenisamehe, na alisema upesi sana, kwa uchovu, anavyosema mtu anayetaka mgeni aondoke akalale. Watu wa Bwejuu wameshapata fundi mwingine. Nilipokuwa navaa viatu alimwambia Mize amtafutie panga, kesho yake atashuka bondeni kukata. Mize akamwambia, "Baba, hayo hayatofaa mpaka mwisho wa mwaka wa ishirini na sita. Na goti je?" Akajibu kwamba goti halikuulizwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Ukija wakati huo," alisema, "njoo na mdomo wowote utakaokuwa nao. Lakini nambie."

Mdogo wako,
Rawiya